Sentensi Moja

Tangazo lilibandikwa kando ya lifti,
kona moja imebanduka:
Warsha ya uandishi wa tasnifu. Maktaba, chumba cha chini.
Supu na mkate mweusi, bure.
Kaarel alianza kusoma mwishoni.

Februari, Tartu. Theluji imegeuka tope.
Alishuka ngazi, viatu vikilia majimaji.
Viti ishirini, watu wanne.
Maimu wa kitengo cha wanafunzi akagawa karatasi
kana kwamba ukumbi umefurika.

"Leo hatuandiki sura," alisema.
"Andikeni sentensi moja
ambayo bibi zenu wangeielewa huku wakimenya viazi."

Miaka minne Kaarel amekichimba kinamasi,
tabaka kwa tabaka, kwa bomba la chuma.
Anayo majedwali mia na kumi na moja.
Anazo barua sita za msimamizi, hajazifungua.
Sentensi hana.

Binti wa fizikia aliandika, akafuta, akaandika, akafuta,
hata karatasi ikatoboka.
Supu ilipoa, ikafanya utando.

Bibi Leida alikuwa akipima maneno
kama sukari ya mgawo.
Angemuuliza tu: hilo tope lako, linasemaje?

Kaarel akaandika:
Kinamasi hakisahau moto uliozimika.

Maimu alipita nyuma yake, akasoma.
Hakusifu. Akamwongezea kipande cha mkate.
"Alhamisi tena," akasema. "Uje na ya pili."

Akitoka, alisimama penye lifti,
akaibana ile kona kwa kidole gumba,
akahesabu hadi kumi.

Haikushika.