Imesainiwa Mbele Yangu

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu,
juu ya duka la vifungo na zipu.
Ngazi tumezipanda mama na mimi
kwa vituo vitatu, kama treni ya mizigo.
Mkono wake wa kulia umelala ndani ya kanga
tangu mfunguo sita,
tangu asubuhi ile kikombe kilipomponyoka
naye akakitazama tu, kama cha jirani.

Wakili Kihwelo anasoma kwa sauti ya taarifa ya habari:
Mimi, Siwema binti Kondo, wa Mbagala Kizuiani,
mwenye akili timamu, bila kushurutishwa na mtu,
namteua binti yangu Mwanne kuwa mwakilishi wangu halali:
apokee kodi ya vyumba vinne,
afuatilie kiinua mgongo changu cha kiwandani,
asaini, adai, ashitaki, ashitakiwe,
na kila atakalolitenda
lihesabiwe nimelitenda mimi.

Mama anainua kidole cha kushoto.
"Hapo kwenye ashitakiwe. Pafute.
Mwanangu asishitakiwe kwa ajili yangu."
Wakili anasema ndivyo hati zilivyo.
"Nani kazifanya hivyo?"
Feni inakwaruza, inazunguka, inakwaruza.
Neno linabaki.

Basi anaongeza la kwake:
chumba cha uani, cha Bi Sihaba,
kodi yake isipande mpaka siku nitakayokufa.
"Siku hiyo, mama," wakili anakohoa kidogo,
"hata hati yenyewe inakufa. Saa ile ile."
Mama anacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
upande aliobakiziwa.
"Kumbe ina mapenzi, karatasi hii.
Nina ndugu hawatanisindikiza hata mpaka barabarani."

Mimi nimekodolea mstari mtupu
ambao jina lake lilipaswa kupita.

Darasa la sita. Ripoti ya hesabu: kumi na tisa kwa mia.
Nilijifungia chooni na kalamu ya wino wa buluu,
nikaiiga saini yake mara arobaini nyuma ya daftari:
S yenye shingo ya bata,
K iliyokanyaga mstari,
kisha mkia mrefu, uzi usiokatwa,
maana mama hata jina lake alilishona.
Mwalimu akaipokea. Hakuna aliyeuliza.
Miaka thelathini na mmoja
nimetembea na kosa lile
kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo,
kila nikikaa vibaya, inanikumbusha.

"Unathibitisha," wakili anauliza,
"kwamba unamwamini huyu kulitumia jina lako?"

"Kulitumia? Huyu alianza darasa la sita."
Hanitazami. Anatazama pedi ya wino.
"Ile K aliikosea, aliipa tumbo.
Nilishika mwiko nimfuate, nikarudi.
Nikasema, mwache. Hesabu hajui,
lakini mkono anao."

Wakili hakuelewa, akadai fotokopi ya kitambulisho.

Dole gumba likashuka, la kushoto, lisilozoea,
likagota karatasi kama mtu anayebisha hodi
nyumba asiyo na hakika nayo.
Chini yake mwanasheria akaandika
imesainiwa mbele yangu na Siwema Kondo
ambaye ninamfahamu binafsi,
yeye aliyemfahamu robo saa,
akagonga muhuri, akapuliza.
Mimi wa miaka arobaini na mitatu
nilikuwa ndiyo kwanza namtambulishwa.

Ngazi za kushuka, vituo viwili tu.
Alinishika kwa ule mkono mzima,
akalalamikia bei ya muhuri,
akasema tupitie zipu, nchi nane, nyeusi,
kuna gauni la Bi Sihaba limekaa mwaka.
Nani atalishona, hakusema.
Nilipotoa hela dukani
niliiona kwenye kifundo cha mkono wangu,
mistari yote, mpaka kovu la sindano:
alama ya dole lake, mbichi bado.