Hodi ya Karatasi

Jumamosi, soko la vikuukuu, Burnley.
Bwana Ormerod anafunua sanduku la viatu
na kunipa glavu, kana kwamba karatasi zina homa.
"Pauni tatu kila moja. Zenye madoa, mbili."
Mimi ni wa madoa.

Hizi ndogo, ngumu, nyeupe kama meno ya utotoni,
ni kadi za mabibi waliotembeleana kwa utaratibu:
jina katikati, basi,
kwani aliyestahili kuijua nyumba alikwisha kuijua.
Mtumishi aliipokea kwa sahani ya fedha.
Kwetu hodi ni ya mdomo, mara tatu,
kukiwa kimya unageuka.
Hapa ilipigwa chapa, ikakunjwa pembe
kusema: nimekuja kwa miguu yangu,
sikumtuma mtu.

Na hizi, rangi ya chai iliyolala,
ni za chama cha wafumaji:
vyumba hamsini na viwili, kila wiki chumba,
kila chumba muhuri wa peni mbili.
Hannah Sagar, mitambo minne, 1891.
Nahesabu kwa ncha ya kidole.
Februari imejaa. Machi imejaa.
Aprili, vyumba vitatu vitupu,
na mwandiko wa katibu umebanwa pembeni: *mtoto*.

Mtoto tu.
Hakuandika kazaliwa, au kafariki.

Nyumbani, chini ya taa ya jikoni,
kijitabu kikadondosha kadi:
Bi. Edmund Thornber. Jina la mume; lake halimo.
Thornber ndilo lililochongwa juu ya lango la kiwanda
ambacho sasa ni bohari ya mazulia.
Pembe imekunjwa.

Pengine alikuja kweli,
akainua sketi kuvuka tope,
akabisha mlango usio na mtumishi wala sahani.
Pengine Hannah aliiokota jalalani,
karatasi ngumu, yafaa kushika ukurasa.
"Labda aliiba," asema binti yangu Raiya,
anacheka, anarudi kwenye simu yake.

Nyuma yake kuna hesabu ya penseli:
mkate, makaa, chama.
*Chama* imepigiwa mstari.
Na wiki ya nne ya Aprili muhuri umerudi,
umekaa mshazari,
kazi ya mkono uliotetemeka
au uliokuwa na haraka ya kuwahi king'ora.

Jana usiku nilijaribu kuinyoosha ile pembe,
kwa kitabu kizito, kwa mvuke wa birika.
Asubuhi nimeikuta imejikunja tena.