Vitufe Vinane

Kila saa natembea.
Geti, jenereta, mapipa ya taka, kisima,
ngazi ya dharura, mitungi ya gesi,
ukuta wa nyuma, maegesho, kisha geti tena.
Kila kituo kina kitufe ukutani;
nakigusa kwa kirungu cha chuma nilichopewa,
kinalia ti,
na mtu nisiyemjua, ofisini Eneo la Viwanda,
anajua kwamba Mbaabu hajalala.

Hajui niko wapi.

Kwa kampuni hapa ni Kilimani, jengo la ghorofa kumi na moja.
Kwangu mimi jengo ni Batian,
nami nalizunguka kama nilivyokizunguka kile kilele
miaka kumi na tisa, mzigo mgongoni,
kilo ishirini kwa mizani ya wakubwa,
ishirini na tano kwa mizani ya shingo.

Jenereta ni ule mlango wa upepo
ambapo ukifungua mdomo useme
neno linarudi kooni limeganda.
Kisima ni lile ziwa dogo la kijani
ambalo mimi na Mbogori tulikunywa maji yake bila kuchemsha,
tukiwacheka wageni na dawa zao za kusafishia.
Mapipa ya taka siyapi jina. Mlima ni safi,
ingawa, kusema kweli, choo tulikibeba sisi:
choo cha plastiki, cha kukunja, chenye zipu,
na ndicho kilichokuwa mgongoni mwangu
siku goti la kushoto lilipogoma
kwenye mteremko wa kokoto,
pale unapopiga hatua moja
na kokoto zinakupigia tatu.
Goti halijanisamehe mpaka leo.
Choo hakikupata hata mkwaruzo.

Saa nane. Ti.
Saa tisa, baridi ya Julai inashuka,
na askari wa geti la jirani, blanketi hadi masikioni,
ananiambia kupitia ua kwamba hii sasa ni ya kuua.
Nanyamaza.
Nimeona lobelia ikikunja majani yake jioni
kama ngumi juu ya sarafu,
na asubuhi inapoikunjua
maji ya ndani yana kioo juu.
Nimeona pimbi akiota jua jiweni
akanikazia macho
kama mwenye nyumba tarehe tano.

Saa kumi na robo lifti ikafunguka.
Kerubo wa ghorofa ya saba,
viatu vipya, lebo ya bei bado inaning'inia kwenye mkoba.
"Askari, nifungulie. Naenda mlimani.
Tunauzunguka wote, siku tano."
Miaka miwili namfungulia.
Mengi yalinijia, mengine ya kujisifu.
Nikasema: "Kamba za viatu, legeza ukipanda,
kaza ukishuka.
Na mpagazi akiwa anapanda usimsemeshe.
Mngoje akae."
Akanitazama usoni, si kwenye beji.
"Kwani umewahi kufika?"
Teksi ikapiga honi.

Kabla ya zamu kubadilishana
huwa napanda paani. Huko hakuna kitufe,
na kampuni hainilipi kwa huko.
Nasimama nyuma ya matangi, kati ya nguo za watu,
naangalia kaskazini, juu ya minara ya simu.
Si kila siku. Wiki nyingi ni ukungu tu na moshi.
Leo kipo:
kidogo, cha buluu, kimemeguka juu
kama jino la mzee Rukaria wa kwetu.
Nakinyooshea mkono, nakiziba kwa kidole gumba.
Natoa kidole.
Kipo bado.
Mahali fulani barabarani kuelekea kule
lebo ya bei inapigwa na upepo wa dirisha.

Simu inatetemeka mfukoni.
"Mbaabu, cha kwanza hujakigusa. Uko wapi?"

"Niko upande wa nyuma," nasema.
"Nakuja kwa kuzunguka."