Shangazi Bado Yuko kwenye Mbuzi

Salamu ya shangazi Ntiruhungwa ni ndefu.
Anaianzia mbali, kwenye mgomba wa mwisho:
"Mwidiwe," na kofi moja, taratibu.
Anasogea. Anakushika juu ya kiwiko.
Anamuulizia mama, anaulizia mbuzi,
anauliza lile jino lililokusumbua msimu wa maharage,
kisha anarudi kwa mama
kana kwamba mara ya kwanza ulimdanganya.
Jikoni maji yanachemka hadi yanakauka.

Bukuru alimrekodi siku ya soko, Munanila,
akaikata ikabaki sekunde kumi na tano:
kofi, kofi, "Mwidiwe," giza.
Chini akaandika *Waha bwana!*
na vikatuni vitatu vinavyolia kwa kucheka.

Ikasambaa. Kufikia Ijumaa, watu laki mbili.
Wakasema hawa nyumba ikiungua
itateketea wakiwa bado wanaulizana hali.
Wakasema na yale mengine, ya mwisho wa reli,
siyarudii.
Nami nilicheka, dukani kwangu Kasulu,
simu za watu arobaini zikichaji ukutani.
Naliandika hili nisije nikajifanya mwema.

Jumatatu ikaja sauti kutoka Muheza.
Yohasi Mpozemenya. Kiha hakijui hata neno.
Babu yake alichukuliwa manamba,
akakata mkonge, akazikwa hukohuko kwenye mkonge.
"Kila jioni," anasema, "mzee alipiga makofi peke yake.
Anapiga, ananyamaza, anapiga.
Sisi tukajua akili ndiyo inaaga.
Kumbe alikuwa anajibu."

Halafu akayapiga, kama alivyoyashika utotoni:
mawili, kimya, moja, kimya kirefu.
Nikayasikiliza mara tatu na mlango wa duka nimeufunga.
Vile vimya
vilikuwa na urefu wa maneno ya shangazi.

Tukampelekea simu shambani.
Alisikiliza akiwa ameshika jembe,
akalilaza chini, akafuta viganja kwenye kanga.
Hakuuliza ni nani.
Kwenye kimya cha kwanza akaingia: "Mwidiwe,"
na kofi la Muheza likampokea.
Akamuulizia mama. Akaulizia watoto.
Sauti ikafika mwisho, yeye hakufika.

Bukuru akainua simu yake arekodi,
ikamwambia nafasi imejaa.
Akaanza kufuta: mpira, mpira,
harusi ya watu asiowajua, mpira,
kidole kinakimbia, jasho linamtoka.

Taratibu, mwanangu.
Shangazi bado yuko kwenye mbuzi.