Udongo wa Jirani

Miaka saba niliinamia stroberi za watu huko kaskazini,
kila mwezi nikituma dola za saruji.
Ghorofa ya pili, nilimwambia Hermelinda, na roshani ya chuma,
ili wapitao njia ya Nochixtlán wajue
kwamba niliondoka, nikapata.

Niliporudi sikuona ghorofa.
Nyumba ileile, chumba kimoja na nusu,
bati lilelile lililonisindikiza kwa kelele.
Lakini shambani, pale korongo lilipokuwa likipanua kinywa
na kumega mstari wa mahindi kila masika,
palikuwa na ukuta.
Mawe matupu. Saruji hata chembe.
Na juu yake ukuta mwingine, na mwingine,
kama ngazi ya mtu asiye na haraka ya kufika.

"Pesa zako hizo," akaonyesha kwa kidevu.
"Ule wa chini ni wa mwaka ulioumwa mgongo.
Huu ni wa Krismasi uliyosema unakuja.
Samadi ya mbuzi nilinunua kwa Bi Crescencia, lori zima.
Hiyo ndiyo roshani yako."

Nilikasirika, sifichi.
Siku mbili nililala nimempa mgongo.
Mtaka cha mvunguni huinama, najua;
mimi nilikuwa nimeinama kwenye mvungu wa wengine.

Siku ya tatu ikanyesha, mvua ya huku, isiyobisha hodi.
Akatoka na koti langu kuukuu kichwani.
Nikamfuata, nikidhani ameingiwa na wazimu.

Maji yalishuka mlimani mekundu, mazito, rangi ya matofali.
Zamani yangepita.
Yangepita na mbegu, na jasho la baba,
hadi mtoni, hadi bahari
ambayo hakuna wa ukoo wetu aliyewahi kuiona.
Yalipofika ukutani yakasita.
Yakapenya kati ya mawe, polepole, mepesi,
mzigo wakautua.
Asubuhi nikachomeka kijiti: vidole vinne vya udongo mpya,
na ndani yake nyungunyungu wawili,
wamelowa, wamechanganyikiwa, wazima.

"Kinachoondoka hakilaumiwi," Hermelinda alisema.
"Kinajengewa pa kusita."
Sikuuliza anazungumzia nini.

Kabla ya saa sita akaja Evaristo, wa shamba la juu,
na ndoo tatu.
"Huo udongo ni wangu."
Na kweli ulikuwa wake. Tulikuta humo
kipande cha sahani ya buluu ya marehemu mama yake.
Mimi nilikunja ngumi. Hermelinda akampa sepetu.
"Mtu haibi chake. Chota, upandishe."

Ndoo ya kwanza aliipandisha akipiga mluzi.
Ya pili, kimya.
Ya tatu aliitua katikati ya mteremko, akaketi kando yake,
akatazama shamba lake huko juu,
jeupe, lililobaki mbavu,
ambalo kila Machi alilitia moto ili lipendeze.
Alikaa hadi kivuli chake kikamzunguka.
Kisha, bila kututazama:
"Jiwe la kwanza, mnalilaza vipi?"

Linalazwa likiegemea mlima, Evaristo,
kichwa nyuma kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani.
Chimba kwanza hadi ardhi ikukatalie.
Mabua usichome, yatandaze.
Maharage na boga yapandwe na mahindi,
na usitazame kitu mwaka wa kwanza,
mwaka wa kwanza ni wa kuchekwa.

Haya namwambia mimi, niliyefundishwa juzi.

Ndoo ya tatu ingali pale mteremkoni.
Hakuna aliyerudi kuichukua.
Wiki hii boga limeota ndani yake,
limetambaa, jani moja kwake, jani moja kwetu,
na ua la njano limefunguka mpakani kabisa.
Hatujaamua ni la nani.