Skrubu Tatu Nyuma ya Kioo

Mguu wa nne ndio uliotuchelewesha.
Nilichora kikalio cha kioo chenye miguu minne,
kama meza, kama kitanda, kama ng'ombe,
na Sayi, anayekereza propela za mitumbwi kule Nyakato,
akautazama mchoro, akajifuta grisi:
"Umewahi kuinjika chungu juu ya mafiga manne?"

Tukafuta mmoja.

Ncha ya kwanza inakaa kwenye shimo,
haiendi popote, imeolewa.
Ya pili ina mfereji: mbele na nyuma ruksa,
pembeni marufuku.
Ya tatu imekalia bapa tupu, iteleze itakavyo.
Mchana bati la karakana likichemka,
alumini yetu, iliyokuwa pistoni za pikipiki, ikivimba,
kila kitu kina pa kukimbilia
na kioo hakipati habari.

Springi ni za klachi ya bodaboda.
Skrubu ni za cherehani. Sayi alizitoa kwa fundi nguo wa Mlango Mmoja
kwa kumnyooshea ekseli ya baiskeli.
Uzi wake mwembamba: robo mzunguko
ni unywele mmoja, au nywele mbili.
Huko juu, unywele ni safari.

Usiku wa kwanza tulipandisha bomba letu
hadi kwenye majabali nyuma ya Pasiansi,
tukaliegemeza kati ya mawe mawili yaliyobebana
tangu hajazaliwa wa kuuliza nani kayabebesha.
Tukalenga nyota moja nyeupe, upande wa Ukerewe.
Ikaja na pembe tatu.
Kama sambusa.

Nilikuwa nimekaza. Mimi na hofu yangu,
miezi saba ya kusugua kioo kwa unga wa msasa,
nikakibana kisije kikaanguka.
"Legeza," akasema Sayi. "Hujawahi kushika furu mzima?
Ukimfumbata, anakufa. Ukimwachia, kaenda."
Akachana risiti ya mafuta,
akaipitisha kati ya kishikizo na kioo.
Ilipopita bila kukwama, tukasema: hapo.

Halafu yeye nyuma na bisibisi, mimi jichoni,
tukinong'ona kama wezi:
kushoto. Kidogo. Umepita. Rudi.
Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye mwanga wa simu,
nimemeza wawili, sikutema,
maana nyota ilikuwa inatambaa kuelekea katikati
na nilidhani nikikohoa itashtuka.

Ikasimama. Nukta.
Nukta tu, na pete hafifu kuizunguka.

Tukabadilishana nafasi.
Sayi aliinama pale muda mrefu bila neno,
mikono mgongoni, asije akagusa.
Mwishowe akasema asubuhi ana propela tatu za watu wa Igombe,
lakini hakuinuka.
Nami nyuma, gizani, vidole juu ya skrubu ya tatu,
ile huru,
siizungushi.