Daftari la Tawi la Kadutu

Tulianza watu saba kibandani kwa Zihindula, fundi cherehani,
mwaka ule mvua ilipobomoa ngazi za soko.
Daftari tulichangia. Kalamu Nabintu aliiazima kwa mwanawe.
Ukurasa wa kwanza: Wajukuu wa Askari wa Zamani, Tawi la Kadutu.
Kisha "wajukuu" likakatwa, juu yake pakaandikwa "uzao",
maana Cirhuza alisema yeye ni mtoto, baba yake alipigana Sayo,
na hakubali kushushwa cheo na karatasi.

Kila mtu alileta alicho nacho:
kifungo cha shaba;
picha ambayo panya walikula miguu,
baba wa mtu amesimama hewani;
medali moja, ya kweli, iliyokaa rehani
kwa debe la mihogo miaka kumi na mmoja.
Mimi nilileta neno tu. Tabora.
Babu alilitamka katika homa,
bibi akalifunga kama faranga kwenye ncha ya kitenge.

Kila mwezi mchango, kasiksi, mahudhurio.
Mwaka wa vita hatukukutana.
Daftari lililala sufuriani, chini ya maharagwe.
Ukurasa wa mwaka huo una doa. Hatujaandika juu yake.

Ndipo akaja Balagizi kutoka Nyangezi, mikono mitupu.
"Babu yangu hakupewa bunduki.
Alipewa sanduku la risasi za babu zenu
akalibeba kichwani, njia ya Tabora.
Hakurudi. Karatasi sina."

Katiba, kifungu cha tatu: askari.
Tulibishana mpaka mshumaa ukalowa kwenye kisahani.
Cirhuza alisema, tengatenga ni tengatenga.
Nabintu alikuwa anahesabu mchango, hakuinua macho:
"Kwani risasi zilitembea zenyewe?"

Nje mtu alikuwa anapanda na gunia la makaa.
Tulimsikia akihema, ngazi, ngazi,
akapumzika mlangoni petu,
akaendelea.

Zihindula alivuta daftari.
Nambari arobaini na mbili: Balagizi.
Kwenye safu ya cheo cha babu mkono wake ulisimama,
akapangusa kalamu kwenye suruali ya mteja,
akaandika: Alibeba.

Cirhuza hajasaini ukurasa ule hadi leo.
Ila mwezi uliofuata alikuja na kiti cha ziada,
mguu mmoja mfupi,
akakiweka karibu na mlango, bila kusema ni cha nani.